Viti vya Mzee Twalib

Kwaru, kwaru, kwaru. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado, na Bi Tabu alikuwa uani akikwangua sufuria kubwa la pilau. Pilau la msiba huliwa mpaka chini. Hili lilikuwa limebaki nusu.

Ilikuwa siku ya mwisho ya matanga ya mdogo wake, Mzee Twalib, hapo Mtoni. Alasiri vijana wangekuja kung'oa turubai. Familia ilikodi viti hamsini. Tangu mazishi, vilivyokaliwa havikuzidi sita, na kimoja alikalia paka.

Haikuwa ajabu. Twalib aliuza matairi ya baiskeli Tandika maisha yake yote na hakuna mteja aliyewahi kupunguziwa bei. Mpira wa mtoto ukidondokea uani kwake, haukutoka. Siku ya mazishi imamu alitafuta la kusema, akasema marehemu alikuwa jirani wa msikiti. Ni kweli. Ukuta ni mmoja.

Mtaa wa pili kulikuwa na msiba mwingine. Mwanajeshi mstaafu, watu wakimwita Afande Kicheko, alidondoka Jumatatu asubuhi akinyoa ndevu, akafa hapo hapo. Kule walifunga barabara na kuweka maspika, na majirani wote wa Twalib walikuwa kule.

"Shangazi," alisema Farida, mtoto pekee wa marehemu, "ina maana baba yangu hana hata mtu mmoja wa kumsema vizuri?"

Bi Tabu aliomba moyoni, kabla turubai halijang'olewa, apatikane mtu wa kusema neno jema moja tu, mtoto alisikie.

Saa sita wakaingia wazee watatu. Makoti yao ya kijani yalikuwa yamepauka, viatu vinang'aa. Walisimama mguu sawa mbele ya viti vitupu, wakainamisha vichwa. Bi Tabu alijua palepale kwamba wamepotea. Akainuka awaelekeze, lakini Farida alishawavutia viti.

"Pole sana, dada," alisema aliye mrefu, Sajenti Projestus. "Mwenzetu katuacha ghafla mno."

Farida akafungua mdomo. Baba yake alikuwa amelala kitandani miezi miwili. Bi Tabu akamkabidhi birika.

"Wamiminie wageni kahawa, mwanangu."

Dhambi ilianzia hapo.

"Huyu mtu," Projestus akasema, "mie nilifika kambini sijui kusoma. Ndiye alikuwa akiniandikia barua za nyumbani, na anaongeza maneno yake: salamu kwa shangazi, pole kwa mguu wa babu. Nilipokwenda likizo, mama akanitazama weee, akaniuliza, 'Yule mpole anayeandika barua yuko wapi?'"

Wakacheka. Elibariki, mfupi wao, akadakia: "Na mie niliposinzia lindoni? Afisa anakuja, huyu akasema zamu ilikuwa yake. Akachimba handaki wiki nzima, huku anaimba."

"Anaimba vibaya," akasema wa tatu.

"Vibaya sana! Adhabu ikawa yetu sote."

Farida akamnong'oneza shangazi yake. "Kumbe baba alikuwa jeshini?"

"Baba yako hakuwa msemaji," akajibu Bi Tabu, na hilo angalau halikuwa uongo.

Kicheko kikavuka ukuta. Mama Talha, jirani wa mkono wa kulia, akachungulia, akaingia, akakaa. Muuza mkaa akafuata. Kufika saa nane, paka alikuwa amenyang'anywa kiti chake.

"Ndiyo maana alikuwa mkali," alisema Mama Talha. "Ule ukali wa kambi ule."

"Mie aliwahi kuniitikia salamu," alisema muuza mkaa. "Mwaka juzi."

"Na ile mipira," akasema mwingine, akifuta macho, "alikuwa anawatunzia watoto."

Pilau likaisha. Bi Tabu alimwona Sajenti akirudisha finyango yake ya nyama kwenye sinia, upande walipokaa watoto. Alimwona Farida akilia, na safari hii analia huku anatabasamu. Neno moja aliloomba lilikuwa limezaa mia. Lakini yote yalikuwa mali ya watu. Mtaa wa pili kulikuwa na mjane, na maneno yake yalikuwa yanamwagwa huku.

Alasiri wazee wakaaga. Bi Tabu akawasindikiza mpaka kwenye kona, mbali na masikio ya Farida.

"Baba zangu, nisameheni," alisema. "Mmekosea msiba. Wenu ni ule wenye maspika. Huyu ndugu yangu hakuwahi kulala nje ya Temeke, sembuse kambini. Niliwaona mnapotea, nikanyamaza."

Wazee wakatazamana. Sajenti Projestus akavua kofia.

"Kule ndiko tulikotoka, dada. Tulisimama juani tangu saa mbili. Kasema diwani, kasema mgombea, kasema hadi mwenye maspika. Sie tulipoomba, tukaambiwa muda umekwisha. Tukapita hapa, tukaona kuna viti na hakuna ratiba."

Bi Tabu akajitengeneza mtandio.

"Basi siku ya arobaini mje tena," alisema. "Marehemu wetu bado ana mema mengi sijayasikia."