Nyumba Iliyozama kwa Simu

Siku Sylvère alipoizamisha nyumba yake kwa mara ya kwanza, wiki tatu zilikuwa zimepita bila tone la mvua. Alikuwa amekaa barazani mwa nyumba hiyohiyo, miguu juu ya kiti, chai mkononi, simu sikioni.

"Maji imeingia, madame," alisema kwa sauti ya matanga. "Ziwa imepanda mpaka mu salon, viti inaelea. Apana, hamutaweza kuja."

Aliyekuwa akiongea naye ni Danielle, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa amepanga kuleta waimbaji kumi na wawili mwezi wa nane. Danielle alimpa pole, akamwombea papo hapo kwenye simu, akaaga. Sylvère akaitikia amina na kulifuta jina lake kwenye daftari la wageni. Walibaki wageni wawili.

Nyumba ilikuwa kwenye njia ya Gatumba, uso wake ziwani, na kwa miaka sita alikuwa akiipangisha kwa watu wa likizo. Sasa yeye na mkewe Caritas walitaka kuiuza, wakaishi Gasenyi karibu na binti yao aliyejifungua mapacha. Caritas alikwisha kufunga vyombo vyote. Walikuwa wakila kwa sahani mbili zilizobaki.

Mnunuzi wa kwanza alikimbia aliposikia kwamba wageni wataendelea kuja mpaka mwezi wa tisa. "Nanunua nyumba ao hoteli?" aliuliza, na hakuonekana tena. Kwa hiyo alipokuja wa pili, Murhula, mfanyabiashara wa Uvira mwenye maneno machache, akauliza kama kuna mtu mwingine anayeitegemea nyumba, Sylvère alijibu upesi: "Hata nzi!" Kisha akakumbuka daftari.

Angeweza kuwaambia wageni ukweli. Lakini mgeni anayefukuzwa kwa sababu ya mauzo hununa. Anayefukuzwa na ziwa hutoa pole. Tena Sylvère alikuwa mtumishi wa serikali miaka thelathini, na kazi yake ilikuwa kuandika ripoti za kueleza kwa nini kitu fulani hakikufanyika. Mtu wa namna hiyo hawezi kuona sababu uchi asiivike nguo.

Jambo la kuchekesha, na Sylvère mwenyewe alilicheka, ni kwamba nyumba yake haikuwahi kuona maji. Mwaka wa 2020, ziwa lilipofurika na majirani wakatoa magodoro yao kwa mitumbwi, yeye alilala chumbani kwake akiwa mkavu, kwa sababu alikuwa ameinua msingi kimo cha mtu. Wakati wa kujenga watu walimcheka: "Sylvère anajengea twiga!" Alipomtembeza Murhula hakukionea haya kiburi chake.

"Gusa ukuta," alimwambia. "Gusa na huku. Hata jasho haina!"

Murhula aligusa polepole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akatikisa kichwa kukubali. "Nimeipenda, mzee. Lakini kwetu mi nasainiaka tu, kuamua si kazi yangu."

Mgeni wa pili, Eddy, alikuwa Kigali akijiandaa kwa fungate. Kwake maji peke yake yalionekana machache, kwa hiyo Sylvère aliongeza kiboko, akamlaza jikoni. Eddy aliomba picha ya kiboko. Sylvère akasema simu imelowa, akakata, akajishika kichwa. Kiboko! Mzee mzima mwenye pensheni!

Wa mwisho aliitwa Patricia, aliyechukua siku mbili tu. Huyu hakutoa pole wala sala. Aliuliza maswali.

"Papa, hiyo maji ni ya leo tu, ao inaingiaka kila mwaka?"

Ulimi wa Sylvère ulikwisha kupata moto. "Kila mwaka, mama! Tangu 2020."

"Na ukuta?"

"Inapasuka. Wageni wakiwa karibu kufika, napakaka rangi."

"Na vitanda?"

"Tunaviinua juu ya matofali. Tumezoea."

Kisha Patricia akasema, taratibu, "Asante, papa. Mungu akubariki." Hakudai hata pesa aliyokuwa ametanguliza.

Caritas alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Kumbe miaka hii yote nilikuwa nalala mu mutumbwi," alisema. "Kama ungeisifu nyumba vile unaitukana, ingekuwa imeuzwa zamani."

Lakini Sylvère alikuwa na furaha ya aliyemaliza kazi. Daftari lilikuwa safi, Murhula alikwisha kukubali kukutana Ijumaa saa nne kwa notaire, mwanasheria wa mikataba, ili waweke saini, na hakuna mgeni hata mmoja aliyekasirika. Ijumaa ilipofika alivaa suti aliyoagwa nayo kazini. Ilimbana tumboni, akajiambia kwamba pumzi atavuta akishasaini.

Murhula alifika saa nne kamili, peke yake, mikono mitupu. Alimsalimia notaire, akamsalimia Caritas kwa heshima, akakaa pembeni ya Sylvère kama mtu aliyekuja kuhani.

"Mzee, unisamehe. Nyumba hatutainunua."

"Kwa nini?" Sylvère aliruka, kifungo cha koti kikakatika. "Ile nyumba ni kavu, Murhula! Si uligusa ukuta na mukono yako?"

"Niligusa. Na niliipenda sana. Lakini sisi maji ilitutoa Gatumba usiku, na watoto mugongoni. Toka siku ile, muke wangu hakubali nyumba bila kulala ndani kwanza, hata siku mbili."

Alisimama, akamshika Sylvère mkono kwa mikono yake miwili.

"Patricia anakusalimia sana, papa. Anasema kwa nyumba zote tulizotafuta, ni we peke yako ulimwambia ukweli."