Kituo cha Nane

Aliondokea Nungunungu mmoja aliyeendesha ligi ya kutafuta njia kwa ramani, kwa watoto wa shule zote za msituni. Kila kituo alichomeka mwiba wake mmoja, na mtoto akifika hutoboa kadi yake kwa mwiba huo. Vituo vilikuwa saba.

Siku ya fainali alitoka kuvikagua.

"Mwalimu, umesahau ramani," Digidigi mdogo akamwambia.

"Niliyeichora ni mimi," akacheka. "Niibebe ya nini?"

Kona tatu tu, akapotea. Akaketi kichakani, miba imemsimama kwa hofu. Mara Digidigi na wenzake wakatokea mbio, wakaiona miba, wakatoboa kadi zao papo hapo mgongoni mwake.

"Mwalimu, hiki kituo cha ngapi?"

"Cha nane," akasema, jasho likimtoka.

"Na kurudi ni wapi?"

"Hilo ndilo swali lenyewe! Anayejua atangulie, mimi nakuja nyuma nasahihisha."

Wakamfikisha. Wakati wa zawadi watoto wakalalamika kwamba kituo cha nane hakikuwamo hata kwenye ramani.

"Ni kweli," Nungunungu akakiri. "Hata mimi nilikipata kwa kupotea."