Bujiku Aenda Ikulu

Dokta Edson alivaa glovu nyeupe kwanza, ndipo akalipokea lile jiwe la chumvi kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

"Limechongwa vizuri," alisema, akiligeuza. Katikati lilikuwa na shimo laini kama bakuli.

"Halikuchongwa, mwanangu," alisema Bibi Zipora. "Limelambwa. Bujiku alipenda sana chumvi."

Dokta aliandika: *Mfanyabiashara wa chumvi.*

Alikuwa ametoka Dar es Salaam, ametumwa na makumbusho ya nchi moja ya visiwa, mbali huko ng'ambo. Babu wa rais wa nchi ile alichukuliwa kwenda vitani enzi za Waingereza kutoka kijiji hiki hiki, jirani na Mwakitolyo, akabaki huko huko. Jalada la kumbukumbu lilisema aliacha nyumbani mdogo wake. Jina la huyo mdogo lilikuwa limeliwa na mchwa, ikabaki herufi ya kwanza tu: B.

Mwenyekiti wa kijiji, Theonest, alihamia hapa mwaka juzi pamoja na wachimbaji, na aliota barabara ya lami usiku na mchana. Hakusita. Alimleta Dokta moja kwa moja nyuma ya nyumba ya Bibi Zipora, kwenye kaburi la Bujiku lililozungushiwa mawe meupe.

Kaburi lenyewe lilikuwa na siku za kuhesabu. Dhahabu ilipita chini yake, na duara la Kudra, shimo lake la kuchimbia, lilikwisha kufika uani. Kudra hakuwa mtu mbaya. Kila akipita pale alivua kofia.

"Bibi, lete cheti cha kifo," alikuwa amemwambia, "ofisi itatupa kibali tumhamishe kwa heshima. Bila cheti mikono yangu imefungwa. Jumatatu vijana wanashuka."

Bibi Zipora hakuwa na cheti, wala hakujua angekiombaje. Jambo moja ndilo lililomnyima usingizi: mifupa ya Bujiku kutupwa kwenye kifusi pamoja na mawe.

"Alikuwa mume wako, bibi?" aliuliza Dokta.

"Mume wangu Herman alikufa mapema. Bujiku ndiye niliyelea naye watoto. Miaka thelathini na kitu."

"Aliwahi kukutajia kaka yake?"

"Hakuwahi. Hakuwa msemaji." Bibi alifikiri kidogo. Hakupenda kumdanganya mtu aliyemwamkia shikamoo kwa kuinama. "Ila sauti alikuwa nayo. Akianza alfajiri, kijiji kizima kinaamka."

Uso wa Dokta ulichangamka. "Ni ya ukoo hiyo! Rais naye akihutubia, hakuna anayelala." Akatoa picha ya Rais. "Na masikio?"

Bibi aliisogeza picha karibu na macho, akaitazama kwa upole. "Makubwa vilevile. Ila ya Bujiku yalizidi."

Mama Lusia, jirani yake wa siku nyingi, alikuwa akipepeta mchele barazani. Alishikwa na kikohozi, ikabidi aende kunywa maji.

"Kazi yake?"

"Mizigo. Kahama kwenda na kurudi. Mpunga, maji, chochote utakachomtwika."

"Alilipwa vizuri?"

"Hakudai."

"Hakudai," Dokta alirudia, akapigia mstari.

"Mwaka mmoja wa mvua kubwa nilishikwa na uchungu usiku," aliendelea Bibi. "Gari hakuna, mto umejaa. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati, maji yakimfika kifuani, na hakunitikisa hata kidogo. Tulipofika, alisimama nje kwenye mvua mpaka asubuhi, ananisubiri."

Dokta alivua miwani, akajifuta macho. "Hakuna tena wanaume wa namna hiyo."

"Hakuna," Bibi alikubali.

Dokta alituma taarifa yake ng'ambo, na Ijumaa jibu lilikuja. Rais alitaka mdogo wa babu yake azikwe upya kwenye bustani ya Ikulu, kwa heshima zote. Theonest aliruka kama kijana. Bibi Zipora naye alikubali, kwa sharti moja: wafukue wazee wa kijiji peke yao, wamvike sanda, na mgeni yeyote asitazame.

"Mila," alisema Dokta kwa heshima, akaandika.

Wazee walifukua. Mmoja wao alijiuma midomo muda wote. Kitambaa cha sanda kilipungua upande wa kichwa, wakatoka kuomba kingine.

"Ukoo wenye vichwa," alisema Dokta.

Wazee walitazama chini. Hakuna aliyetoa neno, si siku ile wala baadaye, na Bibi Zipora aliuona wema huo, akauweka moyoni.

Wiki iliyofuata watu walijazana kwenye kibanda cha Kudra chenye televisheni. Kudra mwenyewe alimtengea Bibi kiti cha mbele. Mizinga ishirini na mmoja ililia. Rais alisimama amekakamaa, masikio yake yakipepewa na upepo wa bahari. Mbele yake, juu ya mto wa hariri, palikuwa na jiwe la chumvi. Kisha jeneza likapita, limefunikwa bendera, mabegani mwa maofisa wanane wenye glovu nyeupe. Walitembea polepole, wasilitikise.

Mama Lusia alimwona mwenzake anafuta machozi kwa upindo wa khanga.

"We Zipora, unalia nini tena? Si amesalimika na kifusi?"

"Maisha yake yote alibeba watu," Bibi Zipora alimnong'oneza. "Leo watu wanambeba punda wangu."