Mlango wa Chumbani

Mwanamume kwenye podikasti alikuwa amebadilishiwa sauti, akasikika kama yumo ndani ya pipa. "Mke wangu hajui kama nina mke mwingine," alisema, na nyuma yake mlango ukalia kama mtoto wa mbuzi aliyekanyagwa.

Tunu akarudisha nyuma. Ukalia tena. Akavua hedifoni, akaenda kufungua mlango wa chumbani kwao. Ulilia vilevile.

Miaka yote alimwomba mumewe, Kitwana, autie mafuta. Mara kesho, mara kesho kutwa. Jioni ile Kitwana aliingia na kikopo cha grisi.

"Mama Rehani, leo naumaliza huu mlango," alisema bila kumtazama. "Kelele zake zimenichosha."

Tunu akakishika kitasa.

"Uache ulie," alisema, akauvuta taratibu.