Makubazi ya Mlangoni

Tangu Mwanahawa apate akili, makubazi makubwa ya kiume yalikaa mlangoni kwa mama yake na hakuna mwanamume aliyeyavaa. Kila alipouliza ni ya nani, mama aligeuza mazungumzo.

Leo, mimba yake ikiwa ya miezi minane na ndara zikimbana, aliyavaa aende uani. Yakamkaa sawasawa.

Mama akaacha kupepeta mchele.

"Mama, hivi ni ya nani haya?"

"Yangu. Nilishonewa nikiwa na mimba yako. Miguu ilivimba, kila kiatu kikanikataa."

"Na vile vidonge vya presha unavyomeza kila asubuhi?"

"Ulipozaliwa, miguu ilinywea. Presha ikabaki."

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, mwanangu? Ungedhani wewe ndiye uliyenitia ugonjwa."

Akamkalisha kitini, akapiga magoti, akambonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu. Alipoondoa kidole, kikabaki kishimo.

"Twende hospitali," alisema, akinyanyuka kutafuta buibui lake.

Mwanahawa alibaki kitini, mguu ameunyoosha, akikitazama kile kishimo na kungoja kijae.