Kompresa ya Nermin

Julai, Kairo inatokota, na vidole vya Haitham vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi.

Alivipuliza, akacheka peke yake. Juu ya meza kompyuta ilikuwa wazi bila ganda, na bomba la shaba lililoshuka katikati yake lilikuwa limeota barafu nyeupe. Kipimo kilionyesha nyuzi thelathini chini ya sifuri. Chini ya meza kompresa, ile mashine inayotia baridi kwenye jokofu, ilinguruma.

Wachezaji wa mchezo huu wako dunia nzima, na wote wana kichaa kidogo. Huichukua kompyuta wakailazimisha kukimbia kuliko alivyokusudia aliyeitengeneza. Ikikimbia hivyo hupata joto la kujiunguza, basi anayetaka ushindi sharti aigandishe. Alhamisi kulikuwa na shindano la mtandaoni, na Haitham alitaka jina lake liwe la kwanza kati ya Waarabu wote. Alikuwa amejaribu feni, akajaribu maji, vyote vikamwangusha. Kilichobaki ni kompresa, na kompresa aliipata. Namna alivyoipata ndiyo iliyomfanya asiweze kumtazama mtu machoni.

Kwenye kona ya uchochoro wao palikuwa na jokofu la maji ya kunywa, lenye kikombe cha bati kilichofungwa mnyororo. Haji Barakat aliliweka kuwa sadaka ya binti yake Nermin, aliyefariki kabla ya kuolewa. Kila aliyekunywa alisema, "Mungu amrehemu Nermin," kisha akaenda zake. Lilipoacha kupoza, mzee alimwita Haitham.

"Injinia, hebu litazame hili. Wewe ndiye mwenye akili za mashine hapa kwetu."

Haitham alilifungua. Kilichoungua kilikuwa kifaa kidogo cha kuwashia, kitu cha bei rahisi kama sahani ya koshari ya mtaani. Alikiona waziwazi. Lakini jicho lake likaangukia kompresa, nzima, safi, na uongo ukamponyoka.

"Kompresa imekufa, Haji. Ngoja nikutolee, nikaitupe."

Mzee alimshukuru, akambusu kwenye kipaji cha uso. Busu lile lilimkosesha Haitham usingizi.

Tangu hapo jokofu lilitoa maji ya moto kama ya kunyolea. Wapita njia walionja, wakakunja uso, wakatema, na jina la Nermin halikutajwa tena. Haitham akawa anazungukia barabara ya nyuma ili asipite pale kona. Alijiapia kwamba shindano likiisha tu, atairudisha.

Mama yake aliingia Jumatatu na chai. Aliligusa lile bomba, akauvuta mkono haraka.

"Baridi yote hii ya nini, mwanangu?"

"Ya kompyuta, mama."

"Kwani ina kiu?"

"Bila hii inaungua."

"Haya. Na sisi tunaoungua huko nje? Jana Haji Barakat kakaa pale kona mchana kutwa, hakuna hata mmoja aliyesimama kumwombea mtoto wake. Na fundi tunaye, kajifungia humu ndani."

"Kompresa zimeadimika, mama."

"Na hii umeitoa wapi?"

"Soko la Ijumaa. Chakavu tu."

Mama aliinama, akaisikiliza ile ngurumo kitambo. Kisha akaweka chai, akatoka. Haitham alimshukuru Mungu kwamba mama yake hajui lolote kuhusu mashine.

Alhamisi alijifungia tangu asubuhi, mashine ikimpigia kelele masikioni, asisikie lolote la nje. Kufika jioni jina lake lilikuwa juu kabisa. Pongezi zilimiminika kutoka Tunis hadi Baghdad. "Simba wewe! Tuonyeshe hiyo kompresa!" aliandika mmoja. Haitham alizima kila kitu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, peke yake chumbani, hakuna anayemwona.

Ijumaa aliing'oa kompresa, akaizungushia taulo, akangoja wanaume wote waingie msikitini. Ujasiri wa kumkabili mzee hakuwa nao. Alitaka airudishe kimyakimya, kisha aje aseme amebahatika kupata nyingine.

Alipofika kona alisikia ngurumo. Jokofu lilikuwa likifanya kazi. Muuza mitungi ya gesi wa mtaa mwingine, Mkristo ambaye hotuba ya Ijumaa haikumhusu, alikuwa amesimama hapo na kikombe mdomoni.

"Karibu, bwana! Maji ya leo yanatia meno ganzi. Jana kaja fundi, kaweka mashine mpya kabisa."

Haitham aliikumbatia taulo yake. "Kanunua nani? Haji?"

"Haji apate wapi! Ni mama mmoja, mtu mzima. Asubuhi nimemkuta hapahapa, kavaa nyeusi tupu. Kila anayekunywa, mama huyo anamshika mkono, anamsihi amwombee marehemu. Halii, lakini uso ule, ndugu yangu, umeniuma."

"Nermin," alisema Haitham upesi. "Marehemu ni Nermin, binti wa Haji."

"Huyo wa zamani. Sasa wako wawili." Muuza gesi alijaza kikombe tena, akamnyooshea. "Huyu wa pili ni mwanawe huyo mama. Haitham. Kijana tu, nasikia, na alikuwa fundi hodari. Mungu amrehemu. Sema amina, bwana."

Haitham, kompresa mikononi, akasema amina.