Mbona Zinang'aa

Kwenye picha ya eksirei, ndani ya kila punje ya mahindi buu la fukusi lilikuwa limejikunja, limetulia kama liko kwake.

Hizo ndizo mbegu za mwisho alizoacha marehemu mama yake mpimaji wa mbegu aliyeketi kwenye mashine. Mdogo wake mpimaji alisubiri mlangoni, kopo la mbegu kifuani.

"Vipi dada, tupande?"

"Zimeliwa zote. Ndani kwa ndani."

Mdogo wake akamimina punje kiganjani, akazigeuzageuza. Hazikuwa na tundu hata moja.

"Mbona zinang'aa hivi?"

Dada akazitazama punje. Ndivyo wao wawili walivyomwambia mama yao alipolalamika kuna kitu kinamtafuna tumboni: mbona unang'aa, mama.

Akazima mashine. Mngurumo ulipokoma, wakasikia kitu kikitafuna ndani ya kopo, taratibu.